Kereng'ende Wenye Njuga

Siku Mogesi alipompelekea mtaalamu kereng'ende, aliwapeleka wakiwa hai, wawili, ndani ya tenga, na mmoja alipiga kelele njia nzima.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Honoratha, mzaliwa wa Ngara, aliyetumwa na chuo chake kuja kuchunguza vijito vya upande wa Nyansurura. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amesimama mbele ya watu kwenye ofisi ya kijiji akasema anatafuta mtu wa kumsaidia: mwenye miguu ya kutembea, macho ya kuona, na anayejua kereng'ende wanapatikana wapi kando ya mto. Watu wakatazamana. Mogesi alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na baiskeli zilipoegeshwa. Hakuuliza kitu. Alikwenda nyumbani, akatega, akakamata.

Sasa alikuwa amesimama nje ya ofisi hiyohiyo, kichwa chini.

"Shikamoo, baba," Honoratha akamsalimu.

"Marahaba." Akaweka tenga chini. "Nimewaleta."

"Nani hao?"

"Kereng'ende."

Honoratha akainua kifuniko kidogo. Kwale mwenye shingo nyekundu akachomoza kichwa, akamkazia jicho. Vicent, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa anakunywa chai kibarazani. Alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye suruali.

"Mogesi! Dada wa watu anataka wadudu, wewe unamletea kitoweo!"

Haukuwa ujinga. Zamani Mogesi aliwahi kufanya kibarua cha kufyeka majani kwenye hoteli moja ya watalii karibu na lango la Ikoma, pamoja na mtu mmoja wa Tanga aliyeitwa Nassib. Nassib alimwita ndege huyo kereng'ende. Nyumbani kwao Mogesi walizungumza Kikurya, Kiswahili alikipata shuleni na kazini, na aliamini kwamba mtu wa Tanga hawezi kukosea Kiswahili. Yule mdudu mwenye mabawa manne alimjua kwa jina la kwao tu. La Kiswahili hakuwahi kulihitaji.

Alitamani ardhi ipasuke. Akajitetea kwa sauti ndogo kwamba rafiki yake wa Tanga ndiye aliyemwita ndege huyo hivyo. Lakini Honoratha hakucheka, au kama alicheka, alicheka kwa macho.

"Huyo rafiki yako hakukosea, baba. Huyu naye ni kereng'ende, jina ni moja. Mimi ndiye nilipaswa kusema namtaka yupi. Hawa umewatoa wapi?"

"Kwenye matete ya Nyanchoka. Chini ya kwa mama Nyangi."

"Unaujua mto huo?"

"Nimekulia humo."

"Basi kawaachilie hukohuko, halafu njoo kesho saa mbili asubuhi. Kazi umepata."

Mpaka leo Mogesi anapoisimulia siku hiyo, na huisimulia mara chache, husema kwamba mtu mwingine angemcheka naye angerudi nyumbani asitoke tena. Humshukuru binti yule kwa kutocheka kuliko anavyomshukuru kwa kazi yenyewe.

Mogesi ana miaka arobaini na saba. Ni mtoto wa nne kati ya tisa. Alichunga ng'ombe wa baba yake kandokando ya kijito cha Nyanchoka tangu alipokuwa mfupi kuliko fimbo aliyoshika, akasoma mpaka darasa la saba, akaishia hapo. Si kwamba hakuwa na akili. Mwalimu akiuliza swali, jibu lilikuwa linamjia kabla ya wenzake, ila lilifika kooni likakaa. Mwenzake angejibu makosa, mwingine angejibu makosa, na Mogesi angebaki na jibu lake sahihi mpaka kengele igongwe.

Aliyewahi kumsemea ni Mseti. Mseti ni mtu wa umri wake, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya pili, na mzaha usiokauka. Dada yake Mseti ndiye Robi, na Mogesi alimpenda Robi miaka miwili bila kumwambia mtu hata mmoja, hata Robi. Mseti alimtazama, akachoka.

"Wewe utakufa na hilo neno tumboni," alimwambia. "Ngoja nikutapishe."

Akaenda mwenyewe kwa baba yake, akaeleza, akamsifia Mogesi kwa sifa alizokuwa nazo na nyingine ambazo hakuwa nazo. Siku ya kuja wazee kuzungumzia mahari, kila Mogesi alipoulizwa kitu, Mseti alijibu. Mzee mmoja akauliza kwa hasira, "Anayeoa ni nani hapa?" Mseti akasema, "Anayeoa ni huyu. Anayeongea ni mimi. Tumegawana." Ndivyo Mogesi alivyompata Robi, na ndivyo Mseti alivyokuwa shemeji yake.

Mtu wa pili aliyemfaa ni Nyangi. Nyangi ni mjane, sasa ana miaka sitini na sita, na boma lake liko mteremkoni upande wa juu wa mto. Mwaka ambao Robi aliugua mgongo akalazwa hospitali miezi mitatu, Mogesi alikuwa analala wodini chini ya kitanda cha mkewe, na watoto wao wanne walibaki nyumbani, mkubwa wao Waisiko akiwa na miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyemtuma Nyangi. Kila jioni alifika na sufuria kichwani, akawalisha, akawaogesha, akalala nao. Robi alipopona na kurudi, Mogesi alikwenda kumshukuru yule mama. Alisimama mlangoni pake muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mama, jembe lako limelegea mpini," akalichukua, akalikaza, akaondoka. Nyangi alielewa. Lakini Mogesi mwenyewe alihisi kwamba neno lile la asante bado lilikuwa kooni.

Kazi ya Honoratha ilikuwa ya kutembea na kusimama. Kila Jumatano walishuka Nyanchoka kutoka kwenye chemchemi mpaka daraja la miti, na katika njia hiyo waliweka vituo saba, kila kimoja kikiwa na jiwe lililopakwa chokaa. Katika kila kituo walisimama nusu saa wakiangalia, wakihesabu, wakiandika kwenye daftari.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Mogesi alizaliwa kwa kazi hii. Kereng'ende hampendi mtu wa papara. Honoratha, pamoja na elimu yake, alikuwa na papara kidogo; alirusha wavu, akaanguka majini, akacheka. Mogesi alisimama tu kama nguzo, kimya, na wadudu wakaja wakatua kwenye kofia yake.

"Baba Waisiko," Honoratha alisema siku moja akiwa amelowa mpaka kiunoni, "huo ukimya wako ungeuzwa dukani, ningenunua kilo mbili."

Alimfundisha mambo ambayo Mogesi alikuwa ameyaona maisha yake yote bila kuyajua. Kwamba kereng'ende kabla hajapata mabawa huishi ndani ya maji miezi na miezi, akiwa mtoto asiye na mabawa, akitambaa chini ya mawe na kwenye mizizi, akipumua maji hayohayo. Maji yakiharibika, mtoto huyo hana pa kukimbilia. Akikua, hupanda kwenye jani la tete alfajiri, ngozi humpasuka mgongoni, hutoka na mabawa yake, na ganda hubaki limeng'ang'ania pale kama shati lililosahaulika kwenye kamba.

"Kwa hiyo tunaloliamini zaidi ni ganda," Honoratha alisema. "Mwenye mabawa anaweza kuwa mgeni, amepita tu. Ganda halipiti. Ganda ni cheti cha kuzaliwa."

Tena alimwambia kwamba wingi si kitu, aina ndiyo kitu. Wapo kereng'ende wanene wenye mkanda mweusi kwenye bawa, wale wanaofuata miguu ya ng'ombe ili wakamate vijidudu vinavyoruka kwenye majani. Hao huzaliwa hata kwenye bwawa la tope, na maji machafu hayawasumbui sana. Na wapo wembamba, wanaotua na kukunja mabawa mgongoni. Kati ya hao wembamba kuna mmoja anayetaka maji yanayotiririka, kivuli, na usafi. Dume lake lina mgongo wa buluu, na miguu myekundu kwa mbele na myeupe kwa nyuma. Akimwona jike, huning'inia hewani mbele yake na kuitikisa miguu ile myeupe, haraka haraka, kama kijana kwenye ngoma ya Kikurya aliyefunga njuga miguuni. Honoratha alikuwa na jina lake refu la kitaalamu. Mogesi aliandika daftarini: *wenye njuga*. Honoratha akalisoma, akalifuta la kwake, akaacha la Mogesi.

Baada ya miezi minne alimwachia daftari na vituo vyote, yeye akawa anakuja mara moja kwa mwezi. Mogesi alizifurahia Jumatano hizo. Alikuwa akitoka mtoni ameshukuru vitu ambavyo hapo awali hakujua kwamba vinahitaji shukrani: kivuli, jiwe lenye unyevu, gogo lililozama ambamo jike hutaga mayai.

Kituo cha tatu kilikuwa chini kidogo ya bustani ya kabichi ya Nyangi. Bustani hiyo zamani iligusa maji, lakini bwana shamba alipokuja na sheria ya kutolima ndani ya mita sitini kutoka mtoni, Nyangi aliipandisha mteremkoni bila kubishana, na tangu hapo humwagilia kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo. Kwenye kituo hicho wenye njuga walikuwa wengi kuliko kituo kingine chochote. Mogesi alihesabu ishirini na sita siku moja, na maganda akayatia kwenye kopo la kahawa.

Kituo cha tano kilikuwa chini ya kivuko, ambako ng'ombe wa kitongoji kizima hunywa. Hapo wafuata ng'ombe walikuwa wengi hata hawahesabiki. Mwenye njuga hakuonekana hata mmoja. Ganda hakuna. Wiki ya kwanza hakuna, wiki ya kumi hakuna.

Honoratha alipopitia daftari alirudi kwenye kurasa za kituo cha tano.

"Baba Waisiko, pale kivukoni mnafanya nini?"

"Tunanywesha. Na kuogesha."

"Kuogesha kwa dawa ya kupe?"

"Josho la kijiji liliharibika mwaka wa tatu huu. Kila mtu ana bomba lake. Tunapulizia palepale, maji yapo karibu."

"Na bomba mkimaliza mnaliosha wapi?"

Mogesi aliangalia viganja vyake. Viganja vile vilikuwa vimesuuza bomba kivukoni kila baada ya wiki mbili kwa miaka mitatu.

"Nitazungumza na watu," alisema. "Niachie mimi. Taratibu."

Honoratha alimwachia. Kuanzia siku hiyo Mogesi alipeleka ng'ombe wake wanane juu kilimani kwenye josho bovu, akabeba maji huko, akapulizia huko, na mabaki akayamwaga kwenye shimo mbali na mto. Mseti alimwona akasema, "Shemeji, ng'ombe wako wanahiji?" Mogesi akatabasamu. Huo ndio uliokuwa muda wa kusema. Neno likafika kooni likakaa. Alijiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi miwili.

Mvua zilipoanza, kupe waliongezeka kama kawaida yao, na karibu kila boma likapulizia ndani ya wiki moja. Mseti peke yake alikuwa na ng'ombe sitini. Siku mbili baadaye, watu wa chini ya mto waliamka wakakuta kaa na samaki wadogo wanaelea, na ndama wawili wamekufa. Habari ikapanda juu, na ilipofika kitongojini tayari ilikuwa na mwenye kosa: bustani ya Nyangi. Kabichi nzuri namna ile, zisizo na tundu hata moja, haziwezi kuwa bila dawa, na mvua imeisomba dawa hiyo mtoni. Nani mwingine analima kando ya maji?

Ikatangazwa kwamba Jumamosi kutakuwa na ritongo, ule mkutano wa wananchi wote wa kimila, ambao uamuzi wake hakuna boma linaloupinga. Na kabla ya ritongo kukaa, maneno ya ritongo yalikuwa yameshajulikana: bustani ing'olewe, na mwenye nayo asiruhusiwe kuteka maji Nyanchoka. Bustani hiyo ndiyo chakula cha Nyangi. Hana kingine.

Mogesi alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia Honoratha.

"Njoo Jumamosi uwaambie," alisema.

"Niko chuoni, baba, siwezi kufika. Na hata ningefika, mimi ni mgeni, watasema nimesoma vitabu. Nani amehesabu?"

Mogesi alihamishia simu sikio la pili.

"Baba Waisiko, nani amehesabu?"

"Mimi."

"Basi."

Ijumaa hiyo hakula. Robi alimwekea ugali, akauondoa, akauweka tena.

"Ni kaka yako nitakayemtaja," Mogesi alisema.

"Kaka yangu ana mdomo, atajitetea," Robi akajibu. "Nyangi aliwaogesha watoto wangu. Kula."

Jumamosi mvua ilikuwa imepumzika siku ya tisa na jua lilikuwa kali. Watu walikaa kwenye majani nje ya ofisi ya kijiji, wazee mbele, vijana nyuma, akina mama upande wao. Vicent alifungua. Mzee mmoja wa chini ya mto alieleza habari ya ndama wake wawili. Kisha Nyangi akaitwa.

"Mimi dawa ninayotumia ni majivu na pilipili," alisema akiwa wima. "Wadudu wangu nawatoa kwa vidole hivi. Njooni mnunue kabichi mnuse."

"Majivu hayatoi kabichi kubwa kama kichwa cha mwenyekiti," Mseti akasema, na watu wakacheka, hata Vicent akajishika kichwa. "Mama, hatukuchukii. Kabichi zako tumezila. Lakini samaki hawajafa kwa uzee. Kando ya maji kuna bustani moja tu. Sasa tumshtaki nani, mawingu?"

Watu wakaguna kukubali. Vicent akauliza kama kuna mwingine wa kusema, kwa sauti ya mtu anayetaka kufunga.

Mogesi alisimama.

Watu walidhani anakwenda kujisaidia. Alitembea mpaka mbele, kopo la kahawa kwenye kwapa, na alipogeuka akakuta macho ya kitongoji kizima yako kwake. Alisahau kila kitu alichopanga. Akafungua kopo, akamwaga maganda kwenye kiganja.

"Haya ni..." Akaanza tena. "Haya ni maganda ya kereng'ende."

"Yule kwale?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikazuka.

Kumbe kicheko kile kilimsaidia. Kiliwapa watu muda wa kucheka na kumpa yeye muda wa kumeza mate.

"Si kwale. Yule kwale nilikosea, na huyu sikosei." Akaeleza, pole pole, kwa maneno mafupi: mtoto anayeishi majini, ganda linalobaki, maji mabaya yanayomuua. "Nimetembea Nyanchoka kila Jumatano kwa miezi tisa. Haya yote nimeyaokota chini ya bustani ya mama Nyangi, palepale mteremko wake unapogusa maji. Kama bustani ina sumu, hawa ndio wangekufa wa kwanza. Lakini wanazaliwa."

"Na samaki wamekufa na nini?" Vicent akauliza.

"Chini ya kivuko hakuna ganda hata moja. Kuanzia kivukoni kwenda chini."

"Acha, bwana! Kivukoni kereng'ende wamejaa, wananipiga usoni nikipita."

"Wale ni wafuata ng'ombe, mwenyekiti. Wale hata kwenye tope wanazaliwa. Mimi nawatafuta wenye njuga." Akavuta pumzi. "Kivukoni tunapulizia ng'ombe. Bomba tunasuuzia palepale. Mimi nimelisuuza pale miaka mitatu. Wa kwanza kushtakiwa niandikeni mimi. Nilijua tangu miezi miwili iliyopita nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu ndiko kumemleta mama huyu hapa."

Hakuna aliyecheka. Mseti aliinuka taratibu.

"Shemeji," alisema, "mimi nilikuposea mke. Leo wewe unaniposea aibu mbele za watu?"

"Aibu hiyo nimeshaioa mimi, shemeji," Mogesi akajibu. "Wewe nakuomba tu uje harusini."

Alishangaa mwenyewe neno hilo limetoka wapi. Ritongo nzima ilipasuka kwa kicheko, na Mseti, ambaye hajawahi kushindwa mzaha, alibaki mdomo wazi. Lakini hakukaa chini.

"Maneno tumesikia. Mimi nataka kuona. Kama ni kweli, twende mtoni sasa hivi."

Wakaenda. Ritongo yote iliinuka ikashuka mteremko, wazee na mikongojo yao, akina mama na watoto mgongoni. Chini ya bustani Mogesi aliwaonyesha namna ya kuinama na kuangalia upande wa chini wa jani la tete. Mke wa Vicent aliliona ganda la kwanza, akapiga kigelegele kidogo. Kisha hapa moja, pale mawili, mizizini manne. Na juu ya jiwe dume mmoja alikuwa anaitikisa miguu yake myeupe mbele ya jike, bila kujali ritongo. Yule mzee wa ndama alitazama muda mrefu akasema, "Kumbe na huyu anahangaikia mke."

Kivukoni waliinama vilevile. Matete yalikuwepo, mizizi ilikuwepo. Watu walipokanyaga majani, kereng'ende wanene wa mkanda mweusi wakaja kwa makumi wakizunguka miguu yao, wakiwafuata kama wanavyofuata ng'ombe. Walipekua, wakachoka, mmoja mmoja wakakaa ukingoni. Aliyebaki majini ni Mseti. Alivua viatu, akakunja suruali, akapekua tete baada ya tete, kwa sababu alitaka sana kulipata ganda moja tu amfunge mdomo shemeji yake. Alifika mpaka chini kwenye mkunjo wa mto. Watu walimsubiri. Angeweza kudanganya; hakuna ambaye angejua.

Aliporudi, mikono yake ilikuwa mitupu.

"Hakuna," alisema. "Nimetafuta. Hakuna."

Akamgeukia Nyangi. "Mama, nisamehe."

Uamuzi ulitolewa palepale ukingoni. Bustani ibaki. Ng'ombe wapuliziwe kilimani kwenye josho la zamani, kila boma lichimbe shimo lake la mabaki, na atakayeonekana na bomba mtoni atajibu mbele ya ritongo. Mseti alitoa punda wake wawili wabebe madumu ya maji mpaka juu. Mwenye ndama waliokufa alipewa ndama wawili wengine, na Mogesi alitoa mmoja, Mseti mmoja, bila kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata Mogesi alikwenda kwa Nyangi. Alikuwa amelala vizuri, na njiani alikuwa ameliandaa lile neno lililokaa kooni tangu mwaka ule wa hospitali. Sasa aliamini litatoka. Alimkuta mama yule ameinama kwenye kabichi, akitoa viwavi kwa vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, tata." Alimwita baba kwa Kikurya, bila kuinuka. "Jana umeongea maneno ya miaka hamsini."

"Mama, nimekuja kusema..."

"Naona umekuja mikono mitupu." Akamwonyesha kwa kidevu ndoo mbili zilizokuwa chini ya ua. "Jua linapanda na mstari ule wa mwisho haujanywa. Asante unayotaka kusema naijua, mpini wa jembe mpaka leo haujalegea. Shuka."

Mogesi alizichukua ndoo akashuka Nyanchoka. Alizijaza polepole, akiangalia asiyavuruge maji, akapanda nazo mteremko hatua mia moja na kumi, akamwagilia kabichi nne, akashuka tena.